Injini ya lita 3 ndani ya pikapu ya lita 2.4

Ukitaka kufunga injini kubwa kwenye pikapu kuukuu, na fedha ni za kuhesabu, usianze kwa kuuliza injini ina nguvu za farasi ngapi. Uliza itakuachia vitu vingapi ambavyo hutavigusa. Mauntingi zinazoishikilia injini zitabaki zilezile? Giaboksi je? Propela shafti inayopeleka mzunguko magurudumuni haitakatwa? Rejeta haitasogezwa? Dashibodi haitafumuliwa? Kila kinachobaki mahali pake ni fedha isiyotoka mfukoni. Kanuni hiyo ndiyo iliyonifanya nikatae karibu injini zote nzuri nilizoshauriwa.

Mimi si fundi magari, ni seremala. Natengeneza milango, makabati na vitanda, na pikapu ndiyo inayoleta mbao karakana na kupeleka kazi iliyokwisha kwa wenyewe. Ni Hilux ya 1990, kabini moja, 4x4, iliyonifikia ikiwa imeshazeekea mikononi mwa wengine. Ndani ilikuwa na injini ya 2L, dizeli ya silinda nne, 2446 cc, haina turbo ya kuisukumia hewa. Ikiwa tupu haikuwa na tatizo. Ijaze mbao mbichi sasa! Mbao mbichi ina uzito ambao asiyewahi kuibeba haamini, kwa jinsi ilivyojaa maji. Mlima unauona kwa mbali, na moyo unashuka gia kabla ya mkono. Gia ya pili, mguu sakafuni, moshi mweusi nyuma, na msururu wa magari yanayokupigia honi.

Halafu injini yenyewe ilikuwa imechoka. Ilikula oili, ilipumua kwenye mdomo wa kujazia oili, na asubuhi za baridi iliwaka kwa kubembelezwa. Siilaumu, ilishabeba vya kutosha. Nilikuwa na njia mbili: kuifungua na kuitengeneza upya, au kuishusha na kufunga nyingine. Kuitengeneza upya maana yake pistoni, ringi, beringi za krankshafti, kuchonga silinda, kupeleka hedi, kile kichwa cha juu ya silinda, kwa mkerezaji, na seti nzima ya gasketi. Ukimaliza yote hayo unabaki na lita 2.4 zilezile. Na kwa kuwa kazi ya kushusha na kupandisha ningeilipia vyovyote vile, niliona heri nilipie kitu kitakachopanda mlima.

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Kila mwenye gari ana injini anayoiota, na akisikia unatafuta anataka muiote pamoja.

Wa kwanza walisema 1KZ-TE. Ni 2982 cc, ina turbo, na sikatai kwamba ni tamu. Lakini herufi za mwisho kwenye majina ya injini za Toyota zina maana yake: T ni turbo, na E ni kwamba mafuta yanasimamiwa kwa umeme. Pampu yake inapokea amri kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta nayo inataka sensa zake zote na mkongo wake wote wa waya. Pikapu yangu, yenye dizeli ya kimakanika, haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo ukinunua 1KZ-TE peke yake hujanunua kitu. Inabidi ununue nusu ya gari lingine, pamoja na muda wa fundi umeme mwenye subira. Weka juu yake mabomba ya turbo, eksosi mpya, na giaboksi inayokubaliana nayo.

Wengine walisema 1HZ, ile ya Land Cruiser. 4164 cc, silinda 6, pampu ya kimakanika, haina kompyuta. Kwa sifa hizo tu ningeikubali siku hiyohiyo. Ila silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja zinataka urefu, na urefu huo unauiba kwenye nafasi ya rejeta au kwenye ukuta wa kabini. Ni nzito, springi za mbele zitalala. Giaboksi yake ni nyingine, nayo ikishakaa, propela shafti zote mbili zinabadilika urefu: zikatwe, zichomelewe, zisawazishwe. Ukifika hapo hata breki zinaanza kukutazama. Ni injini nzuri sana, kwa gari jingine na kwa mfuko mwingine.

Wapo pia waliosema V8 ya petroli. Hao niliwashukuru.

Fundi wangu ni mzee asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza nikizitaja zote, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Dada, hiyo 2L ina ndugu zake. Mbona huwatafuti?"

Ndugu hao ni 3L na 5L. 2L ina tundu la silinda la milimita 92, na pistoni yake inasafiri milimita 92. Kwenye 3L ni 96 kwa 96, ndipo zikapatikana 2779 cc. Kwenye 5L tundu ni 99.5 na safari ya pistoni ni 96, ikawa 2986 cc. Walitanua tundu, wakarefusha kidogo mwendo wa pistoni, lakini kwa nje bloku imebaki na sura ya ukoo. Matundu ya kufungia giaboksi yako palepale, na mauntingi pia. Zote zina taimingi belti mbele inayozungusha kamshafti na pampu ya dizeli. Zote zinawashia mafuta kwenye chumba kidogo cha awali ndani ya hedi, na mgandamizo wake ni karibu 22 kwa 1. Fundi aliyewahi kufungua moja hapotei kwenye nyingine.

Kutoka 2446 hadi 2986 ni nyongeza ya 540 cc, asilimia 22. Kwa kuwa hakuna turbo upande wowote, nguvu ya kuvuta inafuata hewa inayoingia, kwa hiyo tegemea ongezeko la karibu moja ya tano. Mtu wa V8 atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini injini iliyokuwa ikinivuta ilishapoteza sehemu ya nguvu zake kwa uchakavu, kwa hiyo pengo nililolisikia mimi kwenye kanyagio lilikuwa kubwa kuliko hesabu hiyo.

Nilikuwa tayari kuchukua yoyote kati ya 3L na 5L. Unaponunua injini iliyotumika, hali yake ina uzito kuliko namba yake. 3L iliyotunzwa inaishinda 5L iliyochemshwa, kila siku ya wiki. Nilichokuwa macho nacho ni herufi ile ile: kuna 5L na kuna 5L-E. Ya pili pampu yake ni ya umeme, na ukiileta nyumbani umerudi kwenye hadithi ya kompyuta na mkongo wa waya. Kwa hiyo usitosheke na neno la muuzaji wala maandishi ya chaki. Tazama pampu. Ya kimakanika ina mkono unaovutwa na kebo ya mafuta na swichi moja ya umeme ya kufungua na kufunga dizeli. Ukiona soketi yenye waya nyingi imeingia kwenye pampu, endelea na safari yako.

5L niliyoipata ilitoka kwenye HiAce. Ilikuwa chini, imelala juu ya tairi kuukuu, na muuzaji akiapa kwamba gari lake lilipata ajali likiwa linatembea vizuri. Ajabu ni kwamba kila injini ya mtumba imetoka kwenye ajali ya gari lililokuwa linatembea vizuri. Sijawahi kusikia iliyotolewa kwa sababu ilikuwa mbovu.

Sehemu hii nitaikalia kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapookolewa au kupotea.

Kwanza tulifungua bolti ya kumwagia oili. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yamepita mahali yasipotakiwa, na hapo unaaga kwa heshima. Yetu ilikuwa nyeusi kama oili ya dizeli inavyokuwa. Fundi aliisugua katikati ya vidole viwili akitafuta chengachenga za chuma. Pili, tulichungulia tundu la maji la juu, linapokaa themostati. Kutu nyekundu iliyoganda humo inasema injini ilikuwa ikijazwa maji matupu ya bomba, bila kulanti, na mifereji ya hedi huenda imeziba. Yetu ilikuwa na kutu kidogo, si ya kutisha. Tatu, tulitazama mstari wa gasketi ya hedi pande zote, tukitafuta michirizi ya oili au maji. Kisha fundi akaweka spana kwenye bolti ya mbele ya krankshafti akaizungusha kwa mkono, taratibu. Kila nusu mzunguko silinda moja inagoma, unaisikia inavyokataa halafu inaachia. Zikigoma zote nne kwa ukali unaofanana, vizuri. Ikipita moja bila kukataa, hiyo ina jambo.

Baada ya hapo tukaomba kuiwasha. Muuzaji akasema haiwezekani, haimo kwenye gari. Inawezekana. Huo ndio uzuri wa dizeli ya kimakanika: unaiwasha ikiwa chini. Inataka betri yenye nguvu, waya mnene wa stata, waya mmoja mwembamba wa kwenda kwenye ile swichi ya pampu, na dumu la dizeli lenye mipira miwili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kurudisha. Bila ule waya mwembamba pampu haitoi tone, hata ukizungusha stata mpaka betri ife. Ifunge kwanza kwa mnyororo kwenye kitu kizito, maana inapowaka inaruka upande. Na usiiache iungurume muda mrefu kama haina maji.

Ilikohoa, ikatoa wingu jeupe, ikashika. Fundi akang'oa kifuniko cha oili na kukilaza kichwa chini juu ya mdomo wake. Kikitetemeka tu, ringi bado zinashikilia. Kikirushwa, gesi inapita pembeni ya pistoni na umenunua tatizo ulilokuwa nalo nyumbani. Kilitetemeka. Moshi mweupe ulikwisha injini ilipopata joto kidogo. Ungekuwa wa bluu na ukaendelea, ningejua inakula oili. Mwisho alipima mgandamizo kwa geji, kupitia matundu ya hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Hapo namba kubwa isikupe wazimu, tafuta silinda nne zinazokaribiana.

Nikalipa. Sasa ngoja nieleze kwa nini nasisitiza usiuze wala kutupa injini ya zamani mpaka mpya izunguke ndani ya gari.

5L ya HiAce na 2L ya Hilux ni ndugu, lakini zilikuwa zinaishi nyumba tofauti. HiAce injini yake inakaa chini ya viti vya mbele, kwenye nafasi ya sura nyingine kabisa. Sampu yake, lile bakuli la oili la chini, haikuumbwa kupisha difu ya mbele ya pikapu ya 4x4, yale meno yanayogawa mzunguko kwa magurudumu. Kwa hiyo sampu ya 2L ilihama, pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, kwa sababu bomba refu kuliko sampu linagusa chini na fupi linanyonya hewa, yote mawili yanaua. Kijiti cha kupimia oili na bomba lake vilihama pia, maana ukitumia kijiti cha sampu nyingine utakuwa unajazia oili kwa ramli. Vishikio vya mauntingi kwenye bloku vilitoka kwa 2L. Manifoldi ya eksosi nayo ilitoka kwa 2L, kwa kuwa bomba la chini lilikuwa limeshakaa sawa nayo na sikutaka kumlipa mchomeleaji. Yaani injini kuukuu ilivuliwa nguo ikavishwa nduguye.

Alteneta pia haikupita hivihivi. Kwenye dizeli hizi, mgongoni mwa alteneta kuna pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki, kwa sababu dizeli haitengenezi mvuto wa kutosha kwenye manifoldi kama petroli. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira mdogo, na kuirudisha kwa mpira mwingine. Mipira hiyo ya zamani hukauka na kupasuka, na ikipasuka oili yote inaweza kumwagika barabarani ukiwa unaimba na redio. Ni vitu vya bei ndogo sana. Nilinunua vipya kabla hata sijanunua oili.

Kuna jambo moja la umeme ambalo mdogo wangu, ndiye anayejua waya nyumbani kwetu, aliligundua kabla halijatugharimu. Hita plagi za injini hizi hazifanani. Zipo zilizotengenezwa kwa volti 11 na zipo za volti 6, ambazo zinapata joto haraka na zinatakiwa kulishwa kupitia mfumo unaopunguza umeme. Pikapu yangu ilikuwa na mfumo wa kawaida unaotuma umeme wa betri moja kwa moja. Zile zilizokuja na 5L zilikuwa za volti 6. Washa asubuhi moja, zote nne zimeungua. Volti imeandikwa kwenye mwili wa plagi, kwa herufi ndogo. Ifute uchafu, usome. Tukafunga za volti 11.

Zaidi ya hapo waya zilikuwa chache mno: stata, alteneta, hita, swichi ya pampu, geji ya joto, taa ya oili. Mdogo wangu alizifunga vipande vya karatasi wakati wa kushusha, akaviandika kwa mwandiko wake mbaya, na vilisomeka vya kutosha.

Wakati injini ingali nje, kuna vitu unavibadilisha hata kama vinaonekana vizima, kwa sababu kuvifikia baadaye ni kushusha upya. Taimingi belti na beringi yake ya kukazia. Hii usiitegee hata kidogo: belti ikikatika kwenye dizeli ya namna hii valvu zinakutana na pistoni, na uchumi wote uliofanya unaishia hapo. Sili ya mbele na ya nyuma ya krankshafti. Zile sahani ndogo za chuma zinazoziba matundu ya maji ubavuni mwa bloku, hasa zinazokaa nyuma, ambako mkono haufiki. Sahani ya klachi, presha inayoikandamiza, na beringi ya kusukumia. Na ile beringi ndogo kabisa iliyo katikati ya mkia wa krankshafti, inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Inasahaulika kwa sababu ya udogo wake, halafu inapiga kelele kwa miaka.

Flaiwili, lile gurudumu zito mkiani mwa krankshafti, tulitumia iliyokuja na 5L, ikakerezwa uso kidogo, na stata ikawa ya 5L vilevile, ili meno yakutane na meno yaliyozoeana. Ganda la klachi, lile linaloshikanisha giaboksi na injini, ni la zamani, likaingia kwenye bolti bila kusukumwa. Hakikisha tu zile pini mbili za kulengesha zipo. Injini nyingi za mtumba zimezipoteza. Bila pini bolti zitakaza, lakini giaboksi itakaa nje ya mstari kwa nywele, na shafti yake itakuwa kama mlango ambao bawaba moja imepigiliwa pembeni: unafunguka na kufungwa, huku unajila.

Kushusha na kupandisha kwenyewe sitakueleza sana. Boneti itoke, rejeta itoke, giaboksi ishikiliwe na jeki chini isining'inie, chenibloku juu ya boriti unayoiamini. Boriti mimi naijua. Ni ya kwangu, na ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ambayo fundi aliniuliza mimi. Kulengesha sahani ya klachi nilimkerezea kipande cha mti mgumu chenye vipimo vya ncha ya shafti, kikaingia bila kucheza. Giaboksi ikapanda mara moja. Naruhusiwa kujisifu hapo.

Kwenye upozaji sikubana fedha. Injini yenye hewa nyingi zaidi inachoma mafuta mengi zaidi na kutoa joto zaidi, na rejeta iliyokuwa ikijitahidi kupoza lita 2.4 haitakuwa na miujiza. Yangu ilifunguliwa matenki ya juu na chini, ikasafishwa mirija yote kwa fimbo, ikarudishwa. Themostati mpya. Watu wengi wanaitoa wakidhani wanaisaidia injini ipoe. Dizeli isiyofikia joto lake inakula mafuta, inachafua oili na kuchakaza silinda. Iache, nunua nzima. Kava la feni nalo lirudi, hata kama limepasuka na kuunganishwa kwa waya, kwa sababu bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Mipira ya maji yote mipya, kulanti iliyochanganywa, halafu kutoa hewa taratibu ukiwa na hita ya kabini imefunguliwa.

Kuiwasha mara ya kwanza ndani ya gari ni suala la hewa kwenye dizeli. Unapampu kwa mkono pale juu ya chujio mpaka pampu iwe ngumu, unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, unazungusha stata mpaka povu ligeuke kuwa dizeli safi, unakaza moja baada ya nyingine. Silinda mbili zikishashika, injini itaanza kutetemeka na kujaribu. Kaza za mwisho. Tuliangalia taa ya oili kwanza, ikazima, ndipo watu wakaanza kuongea.

Kisha makaratasi. Namba ya injini imepigwa kwenye bloku, na namba hiyo haikuwa ile iliyo kwenye kadi ya gari. Panapohitajika ukaguzi, nenda na risiti ya kununulia injini, ukabadilishiwe kadi, na uwaambie watu wa bima. Muuzaji asiyetaka kuandika namba ya injini kwenye risiti ana sababu yake, na sababu hiyo usiibebe wewe.

Fedha zilikwendaje? Injini yenyewe ilichukua karibu nusu. Nusu nyingine ilikuwa vitu ambavyo hakuna anayevitaja anapokushauri: sili, mipira, belti, klachi, kusafisha rejeta, oili na chujio, mauntingi mpya za mpira, na nauli za kufuata bolti. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya injini tu, bado huna fedha. Sehemu fulani ilirudi. Pampu ya 2L, hedi yake na krankshafti yake zilipata wanunuzi haraka, kwa sababu injini hizo bado ziko nyingi barabarani. Stata nimeibakiza kama spea.

Sasa mbao mbichi zinapanda kwa gia ya tatu pale nilipokuwa nikitambaa na ya pili. Kwa mwendo wa tambarare hakuna kilichobadilika sana. Kwenye mafuta sioni tofauti ya kulalamikia: injini ya zamani nilikuwa naikanyaga mpaka mwisho, hii naikanyaga nusu. Moshi mweusi umebaki pale tu ninapoondoka na mzigo kwenye mwinuko.

Kilichobaki ni uwiano wa difu. Watu wananiambia niweke difu ndefu, yaani ya namba ndogo, ili injini ipumzike kwenye barabara nzuri. Nilipima yangu: gari kwenye stendi, gurudumu moja la nyuma limezuiwa, lingine nikalizungusha mara mbili kamili huku mdogo wangu akihesabu mizunguko ya propela shafti. Ilitoka nne na nusu na kidogo, yaani meno 41 kwa 9, 4.556. Kwenda 4.1 kungeshusha mzunguko wa injini kwa asilimia 10 kwa mwendo uleule, na kungenyang'anya karibu nusu ya nguvu niliyotoka kuinunua pale kwenye mlima. Tena kwa 4x4 huwezi kubadilisha ya nyuma peke yake. Mbele na nyuma lazima zifanane, la sivyo zitapigana siku ya kwanza ukiingiza gia ya mbele kwenye ardhi kavu. Nimeiacha. Fedha inayofuata ni ya breki za nyuma, ambazo zilikuwa zikitosha kwa sababu tu zamani sikuwahi kufika kileleni na mwendo wowote.